Uani Kwako, Sheria ya Nani?

Leo nataka tuzungumze habari za uani. Nasema ile sehemu ya kiwanja inayobaki nyumba ikishasimama: panapoanikwa nguo, panapokaa simtanki, penye mwembe na chemba ya choo, na kuku wawili watatu wanaochakura. Swali langu ni fupi. Humo ndani mwenye kauli ni nani? Ni wewe uliyelipia kiwanja, au ni jiji?

Ukiketi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, Dar es Salaam au mji mwingine wowote wa kwetu, hutakaa sana kabla shauri la namna hii halijaingia. Mwembe wa mzee mmoja umemwaga majani juu ya bati la jirani yake. Mfereji wa paa umeziba, mvua imenyesha, maji yameingia chumbani na kulowesha godoro. Mama mwenye godoro anasema, mzee, mti wako unaniharibia nyumba, ukate. Mzee anajibu, mama, mti huu ni mkubwa kuliko wewe, ulipohamia hapa uliukuta. Na mwenyekiti wa mtaa yuko katikati, amepewa muhuri lakini hakupewa jibu.

Nitawaambia mapema ninakoelekea, msije mkafika kituoni mkashuka kabla sijamaliza. Nionavyo mimi, jambo linaloanzia na kuishia ndani ya uzio wako halilihusu jiji. Panda mawaridi, panda mchicha, acha mchanga mtupu watoto wacheze gololi, hiyo ni hiari yako. Lakini uani kuna vitu visivyojua mpaka. Maji huvuka. Mizizi huvuka. Mbu huvuka bila hodi, na kivuli pia huvuka. Hapo ndipo sheria inapopata haki ya kugonga geti. Tatizo ni kwamba sheria za miji yetu zimezoea kugonga geti kwa ajili ya mambo ya macho, yaani uchafu unaoonekana na majani yaliyorefuka, huku yale yanayovuka ukuta zikiyaacha yapite.

Tuanze na embe, maana embe lina historia ya kimahakama ndefu kuliko mnavyodhani.

Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, ilipokea sheria zao zilizotokana na maamuzi ya majaji, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Mpaka leo, huku Tanzania Bara, pale ambapo Bunge halijatunga kitu, mahakama huweza kuzirejea kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Humo mna shauri la mwaka 1894, la Lemmon na Webb, majirani wawili waliogombania miti mikubwa. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikaamua kwamba tawi likivuka mpaka, jirani anaweza kulikata pale lilipovukia, hata bila kumpa mwenzake taarifa, ilimradi asitie mguu upande wa pili. Mwaka 1919 likaja shauri lingine, la matufaa. Mtu alikata matawi yaliyomvukia, akachukua na matunda, akayapeleka sokoni. Majaji wakamwambia: kukata tumekuruhusu, lakini matunda ni ya mwenye mti, mlipe.

Wajerumani, waliotutawala kabla ya Waingereza, kwao walikuwa na fikra nyingine. Kitabu chao cha sheria za madai kilichoanza kutumika mwaka 1900 kinasema tunda likianguka kwenye kiwanja cha jirani, huhesabiwa kuwa ni la kiwanja hicho. Kwa hiyo embe lililodondoka, kwa hesabu ya Mjerumani ni la jirani, kwa hesabu ya Mwingereza ni la mwenye mwembe, na kwa hesabu ya watoto wa Magomeni ni la aliyeamka mapema.

Mnacheka, lakini tazameni majaji hao waliulizwa nini. Waliulizwa habari za tawi na tunda. Hakuna aliyekwenda mahakamani kudai kivuli. Yule mama mwenye godoro lililolowa, saa nane mchana wa mwezi wa Januari, chumba chake kinapoa kwa sababu ya mwembe uleule anaotaka ukatwe. Kivuli kimevuka ukuta bure na hakuna daftari linalokiandika, ila majani yakivuka, shauri limefunguliwa. Sheria ya ujirani tuliyoirithi inayajua madhara ya mti kwa undani, na faida zake haizifahamu hata kidogo.

Sasa kuna msikilizaji atakayesema: Lakini mimi nina hati! Hongera, ila hati hiyo hebu isome tena. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ulichopewa ni haki ya kuikalia na kuitumia, kwa miaka 33, 66 au 99, kwa masharti. Moja ya masharti hayo ni kwamba alama za mipaka, yale mawe ya zege ambayo wengi wetu tumeyafukia chini ya banda la kuku, wewe ndiye mlinzi wake. Umma haukuondoka kiwanjani siku ulipokabidhiwa ufunguo. Kwa hiyo hoja ya kwamba jiji halina lolote la kusema uani kwako haisimami kwa miguu miwili.

Lakini na jiji nalo lisivimbe kichwa, maana historia yake uani si safi. Dar es Salaam ilifanywa makao makuu ya koloni la Wajerumani mwaka 1891, na mwaka huohuo ikatoka amri ya ujenzi iliyopanga aina gani ya jengo isimame upande gani wa mji. Waingereza walipofika waliendeleza mgawanyo huo, wakauvisha joho la afya. Uzunguni kukawa na viwanja vipana, nyumba ikakaa katikati, miti na majani kila upande. Nendeni Oysterbay mkaone mabaki yake. Uhindini watu wakabanana juu ya maduka yao. Kariakoo ikapimwa viwanja vidogo vilivyopangwa kama vyumba vya mzinga wa nyuki, nyumba ya Kiswahili mbele, ua mdogo nyuma wenye jiko na choo. Kati ya Waafrika na wengine likaachwa eneo la wazi, ndilo Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia magonjwa.

Maana yake ni kwamba ukubwa wa ua wako ulitokana na rangi ya ngozi yako, na sheria ya afya ndiyo iliyoshika kamba ya kupimia. Ndiyo maana wazee wetu walipomwona bwana afya anaingia mtaani na daftari lake hawakuuliza anatafuta nini. Waliuliza safari hii atavunja nini. Hofu hiyo bado ipo, na mtunga sheria ndogo asiyeijua atashangaa kwa nini watu wanafunga mageti.

Kisha zikaja enzi za njaa ya mifukoni. Miaka ya 1980, mshahara wa mwezi mzima ulipokuwa unaisha ndani ya siku chache, wakubwa wa ofisi na wahadhiri wa chuo kikuu walianza kufuga. Kwenye bustani zilezile za Uzunguni, palipokuwa na mawaridi ya mke wa ofisa wa kikoloni, pakawa na banda la kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa. Sheria za mji zilikataza, lakini aliyetakiwa kuzisimamia naye alikuwa na ng'ombe wake. Mwisho sheria ikawafuata watu. Mwaka 1990 jiji likatoa kanuni za mifugo zilizoruhusu ng'ombe wasiozidi wanne, wafugwe ndani, wasizurure. Mwaka 1992 kanuni za kilimo cha mjini zikaruhusu watu kulima mjini kwenye eneo lisilozidi ekari tatu. Niliposema jiji liache mambo yanayoishia uani, historia yetu wenyewe imeshathibitisha kwamba likilazimisha, litashindwa na mama mwenye trei ya mayai.

Kuna sheria moja ya zamani ninayopenda kuitolea mfano, kwa sababu ndani yake mna haki na kosa kwa pamoja. Ni lile katazo la mazao marefu. Miji mingi ya Afrika Mashariki ilikataza mahindi na migomba karibu na nyumba. Sababu zilikuwa mbili: wezi watajificha, na mbu watazaliana. Watu wengi walilipuuza, wakaliona ni ukoloni mtupu.

Hebu tulipime. Mbu mkuu wa malaria kwetu hazai kwenye jani la mhindi. Anapenda maji madogo yaliyo wazi, yanayopigwa na jua: dimbwi, alama ya tairi, alama ya kwato za ng'ombe iliyojaa maji. Kwa hiyo katazo la mahindi lilikuwa na kosa. Lakini ngojeni. Mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi Ethiopia walichapisha matokeo kwamba viluwiluwi wa mbu wa malaria wanaoishi kwenye madimbwi karibu na mashamba ya mahindi hula ile chavua inayodondoka kwenye maji, wakakua haraka na kuwa mbu wakubwa zaidi. Kumbe mhindi una hatia, ila si ile uliyoshtakiwa nayo. Na mgomba je? Huko Bwamba, magharibi ya Uganda, miaka ya 1940, wanasayansi wa homa ya manjano walikuta mbu wake akizaa kwenye maji yanayotuama katika makwapa ya majani ya migomba na magimbi. Basi katazo la mgomba lilikuwa na mantiki yake, lakini hakuna bwana afya aliyekaa na mkulima akamweleza. Alikuja na panga.

Funzo ninalolitoa hapo ni hili: sheria ya uani isiyotaja sababu yake haiwezi kusahihishwa. Ikiwa imeandikwa tu kwamba mazao marefu ni marufuku, utaitii au utaikaidi, basi. Ikiandikwa kwamba ni marufuku kwa sababu ya mbu fulani anayezaa mahali fulani, mtu anaweza kuipima, akasema mbu huyo hapa hayupo, au akasema bora tufukie dimbwi tuyaache mahindi.

Tena tunao mfano mwema wa kwetu. Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianzisha mpango wa kupambana na malaria mjini uliotumia watu wa mitaa yenyewe. Mji uligawanywa kwa mashina ya nyumba kumi, na katika kata 15 vijana kwa akina mama wa mtaani wakawa wanapita kila wiki, ua kwa ua, kutafuta madimbwi yenye viluwiluwi, na baadaye wakaweka dawa ya kuwaua. Aliyeingia uani kwako alikuwa mtoto wa jirani unayemjua, na akikwambia dimbwi hili lina viluwiluwi alikuonyesha kwenye kikombe. Na wajua kilichowapa shida? Kuta na mageti. Penye uzio mrefu na mbwa, mkaguzi aligeuzia njiani, na mbu wa mwenye geti wakaenda kuwauma wasio na geti. Baadaye homa ya dengi ilipotupiga, mwaka 2014 na tena 2019, tukakumbushwa kuwa mbu wa dengi ana mapenzi na vitu safi vya watu wenye nafasi: sahani chini ya chungu cha maua, ndoo, tairi kuukuu, tanki lisilo na kifuniko. Bustani nzuri nayo inaweza kuwa na kesi ya kujibu.

Sasa nakuja kwenye maji, na hapa nawaomba mkae vizuri.

Tembeeni kwenye mitaa mipya, Mbezi, Goba, Kigamboni, kokote. Mtu akipata hela kidogo, jambo la kwanza baada ya geti ni pevingi. Ua wote unatandikwa vitofali vya zege kutoka ukuta hadi ukuta. Sababu wanazo na zinaeleweka: matope hakuna, gari halichafuki, nyoka haonekani, msichana wa kazi anapiga maji mara moja panang'aa. Mimi sitaki kumdharau mtu kwa kupenda usafi.

Ila tupige hesabu ya darasa la sita. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa Dar es Salaam ya mwezi wa Aprili si ajabu hata kidogo, ikinyesha juu ya kiwanja hicho inaleta maji lita 30,000. Hizo ni simtanki 30 za lita elfu moja. Kama nusu ya kiwanja ni udongo, na udongo wetu wa pwani ni kichanga, sehemu kubwa inazama pale pale ilipoangukia. Kama kiwanja chote ni bati na pevingi, karibu simtanki zote 30 zinapita chini ya geti lako na kwenda kwa watu. Nyumba kumi za namna hiyo kwenye mteremko mmoja ni simtanki 300, ndani ya saa moja au mbili. Yule anayekaa chini, karibu na mto Msimbazi au kwenye kijito kisicho na jina, anapokea maji ambayo hayakunyesha kwake.

Tunayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu zaidi ya 40 walipopoteza maisha na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tukasema, kwa nini walijenga bondeni? Ni swali la haki. Lakini kuna swali la pili ambalo hatukuliuliza kwa sauti ileile: maji yaliyowafuata yalitoka kwa nani? Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa mafuriko ya mjini, mchuma janga anakaa juu kilimani na wanaolila wako bondeni, wala hawajuani.

Na maji yasiyozama yana madhara mengine yasiyoonekana. Wengi wetu tunategemea visima. Karibu na bahari, maji matamu yaliyo chini ya ardhi ndiyo yanayoyazuia ya chumvi yasiingie. Tukifyonza kwa pampu mchana na usiku huku juu tumeziba kwa zege, chumvi inasogea, na kisima cha jirani kinaharibika kabla ya cha kwako. Tena kuna jambo lisilosemwa mezani: makaro yakijaa, wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo usiku. Basi na hayo nayo yanavuka ukuta.

Tangu tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kutuamuru tushike mafagio, usafi umepata nguvu mitaani. Tukapata Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukapata faini za papo kwa papo. Ni jambo jema. Mtendaji anaweza kukutoza shilingi 50,000 kwa taka alizozikuta mbele ya nyumba yako. Lakini ni wangapi kati yenu waliowahi kugongewa geti na kuulizwa, samahani baba, maji ya paa lako huwa yanakwenda wapi? Taka zinaonekana, kwa hiyo zina faini. Lita 30,000 hupita usiku na haziachi hata risiti.

Nimalizie upande wa miti, kisha nitoe ninachokitaka.

Nchi hii inapanda miti kwa mamilioni. Kila halmashauri imepewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Desemba 2017, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani. Sina ugomvi na hayo. Ila mti uliopandwa leo mbele ya kamera, kwa udongo wa Dodoma na mvua yake ya kubahatisha, ni ahadi tu. Mti wenye miaka 30 uani kwa mtu ni mali iliyo mkononi. Na huo hauna kamera. Siku mwenye nyumba akiamua kujenga vyumba vya kupangisha, msumeno unaanza saa moja asubuhi, saa sita kuni zimeshauzwa. Tunahesabu tulichopanda na hatuhesabu tulichokata.

Kuna kisa kimoja kinachonifurahisha. Mpango mkuu wa kwanza wa Dodoma kama makao makuu, ule wa mwaka 1976, ulichorwa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, Kanada. Leo ndugu zetu wanaoishi huko Toronto watakwambia: mti uliomo kwenye kiwanja chako mwenyewe, ukiwa na unene wa sentimita 30 kupita katikati, ukipimwa mita 1.4 kutoka chini, huukati bila kibali cha jiji. Hata kuchimba na kuumiza mizizi yake kunahitaji ruhusa. Ukiruhusiwa kuukata, unatakiwa kupanda mingine. Washauri wao walituchorea mji, lakini sharti hilo hawakulitia kwenye bahasha.

Wala sisemi tunakili kila kitu cha Toronto. Jiji hilohilo lina sheria ya majani yasizidi sentimita 20, na miji mingi ya Marekani inayo ya namna hiyo. Watu wa kwetu waliohamia huko hushangaa kupigwa faini kwa kuacha ukoka ukue. Hiyo kwangu ni sheria ya macho. Sisi tukiiga hiyo, Dodoma itamwagilia ukoka maji ya visima vya Mzakwe huku watu wakipanga foleni ya ndoo. Huko Nevada, jangwani, wameshajifunza: mwaka 2021 walitunga sheria ya kuacha kumwagilia, kwa maji ya mto Colorado, majani ya mapambo yasiyokanyagwa na mtu, kwenye maeneo ya biashara na kandokando ya barabara.

Sasa nasikia mtu anasema: Kibali tena? Unataka kumpa ofisa mwingine nafasi ya kula? Hoja hiyo siipuuzi. Kibali cha kukata mti, kama kilivyo kwenye halmashauri nyingi, kinaweza kugeuka mlango wa chai. Tena mti nao una ubaya wake. Mwarobaini ukikaa karibu na msingi, mizizi yake inafuata bomba na kupasua ukuta. Mnazi mzee juu ya bati la watu ni hatari. Tawi linalogusa waya wa umeme, TANESCO wakija kulikata, wacheni walikate. Na kuna haki ya kuuliza kwa nini mwenye mti abebe gharama ya kuutunza peke yake, wakati kivuli kinagawiwa mtaa mzima.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo, na kinafuata kipimo kile kile nilichoanza nacho, cha kinachovuka ukuta.

Kwanza, kila sheria ndogo ya viwanja vya makazi iandikwe pamoja na sababu yake, kwa Kiswahili ambacho mjumbe wa nyumba kumi anaweza kumsomea mwenye nyumba. Isiyo na sababu inayovuka ukuta ifutwe. Mchicha na mahindi viachwe.

Pili, anayeomba kibali cha ujenzi aonyeshe kwenye ramani sehemu ya kiwanja itakayobaki udongo, na mahali maji ya paa yatakapozama au yatakapohifadhiwa. Pevingi zisipigwe marufuku. Ziachiwe nafasi, na kandokando ya ukuta ubaki mstari wa udongo wenye mimea. Kwa aliyekwisha kuziba kiwanja chote, shimo la kuzamishia maji lenye kokoto ni kazi ya fundi wa siku chache.

Tatu, kibali cha kukata kihusu miti mikubwa peke yake, kisiwe na ada, na ombi lisilojibiwa ndani ya siku kumi na nne lihesabike limekubaliwa. Hapo ofisa hana cha kuuza. Mti wa hatari ukatwe mara moja, picha zipelekwe baadaye. Anayekata mti mkubwa apande mwingine na autunze. Na anayeutunza mti mkubwa apunguziwe kitu kwenye kodi ya jengo, hata kama ni kidogo, ili daftari la mji liandike kivuli kwa mara ya kwanza.

Na yule mzee na yule mama? Kwa kipimo hiki shauri lao linakwisha. Mzee anagharimia kupogoa matawi yaliyo juu ya bati, kwa sababu majani yake yamevuka. Mama anasafisha mfereji wake kabla ya masika, kwa sababu kivuli cha mzee nacho kimevuka. Mwembe unabaki. Maembe ya upande wa mama, mzee akitaka kuyadai kwa sheria ya mwaka 1919, mwenyekiti amwambie aache utani.

Mtaniuliza, haya yataanzia wapi? Sheria ndogo haitoki mbinguni. Halmashauri inapotaka kuitunga hutakiwa kutangaza kusudio lake, wananchi wakapewa nafasi ya kutoa maoni na pingamizi, kisha waziri akaidhinisha, ikachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao za ofisi zilezile tunazokwenda kuomba barua za utambulisho, nasi hupita mbele yake tukitafuta jina la mtoto aliyechaguliwa sekondari. Safari ijayo lisomeni. Na kwenye mkutano wa mtaa, kabla ya kufika kwenye mengineyo, mwulizeni diwani wenu maji ya mtaa mzima yanazama wapi. Akikosa jibu, ajenda mmeshaipata.